Sura Aliyoijua Dominique

"Maman Brigitte, ukinawa vyote hivi, sura yako mwenyewe ni gani?"

Ennie aliuliza hivyo mwaka 1996, naye ana miaka kumi na moja, ameketi juu ya kreti ya soda sokoni Kashikishi. Hakuwa na nia mbaya. Ni kwamba asubuhi ile Brigitte, mwanamke wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, alikuwa anamfundisha majina ya bidhaa zake, na Ennie alikuwa mtoto wa namna ile: akishajua jina la kitu, anataka kujua kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

"Hii ni idratante," Brigitte alikuwa amesema, akiinua chupa nyeupe. "Inanywesha ngozi maji. Ngozi inasikia kiu kama mutu. Hii ni gomaji, iko na muchanga ndani, unasugua nayo sawa vile mama yako anasugua sufuria ya bukari, ya ugali, kisha unanawa. Usilale nayo! Mwanamuke moja wa Kabuta alilala nayo, asubuhi bwana yake anauliza kama walilala ku muchanga ya plaji."

Ennie akacheka mpaka kreti ikayumba.

"Hii ni fondi de ten. Inakuya mbele ya poda, inafunika madoa. Lazima ifanane na shingo, kama haifanane unakuwa mutu moja na vichwa mbili. Hii ni krem ya muchana. Hii ya usiku. Ya usiku haipendi jua, iko imeandikwa hapa, unaona? Na hii ni eklersisante. Ya kufukuza weusi."

"Unaenda wapi?"

"Nani?"

"Weusi. Ukifukuzwa, unaenda wapi?"

"Unaenda Lusaka kutafuta kazi! Nyamaza, sikiliza. Hii ya mwisho ni demakiyan. Mangaribi unaweka ku pamba, unapangusa, inaondoa yote, mutu anarudia vile eko."

Hapo ndipo Ennie aliuliza swali lake. Mkono wa Brigitte ulibaki hewani na ile chupa. Kisha akacheka, kicheko kilichochelewa kidogo.

"We mutoto, unauliza sawa polisi ya mupaka! Sasa unataka na pasiporo yangu?" Akachovya kidole katika kopo la mafuta, akampaka Ennie midomo yote miwili, juu na chini. "Voilà. Nyamaza nayo."

Lakini Ennie alikuwa na sababu ya kuuliza. Uso wa Brigitte ulikuwa wa rangi ya ndizi iliyoiva, shingo vilevile, mikono vilevile, ila vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi, na visigino vilikuwa vyeusi, na nyuma ya masikio palikuwa na kipande kidogo kilichosahauliwa, cheusi pia. Mtoto alikuwa ameviona vyote hivyo siku nyingi, akavikusanya kichwani kama anavyokusanya vifuniko vya soda.

Meza ya Brigitte ilikuwa na wateja wengi kuliko meza ya chumvi. Wanawake waliouza samaki walikuwa wanakuja kwake na harufu ya moshi, wanaondoka na harufu ya waridi. Aliyekuwa hana uwezo wa kununua kopo zima alipimiwa kijiko. Brigitte alikuwa na ndoo ndogo ya melanji, yaani mchanganyiko wa krimu tatu au nne aliokoroga mwenyewe, na kijiko kimoja kiliingia ndani ya mfuniko wa chupa au kipande cha plastiki, mtu akaenda nacho kwao. Yale maneno yaliyoandikwa kwenye makopo, usipake hivi, usikae juani, yalibaki mezani. Hakuna aliyepimiwa maneno.

Yeye mwenyewe aliyasoma na kuyafuata. Alikaa chini ya mwavuli kuanzia asubuhi, na akienda chooni alikwenda na mwavuli. Wanawake wa sokoni walimtania. "Brigitte, mvua inanyesha wapi?" Naye alijibu kwa Kibemba chake kilichovunjika kwamba mvua inamnyeshea yeye peke yake, Mungu anamjua kwa jina.

Mume wake, Dominique, alikuwa na duka kule Kilwa, na kila baada ya majuma machache alivuka na boti, akileta maboksi. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia, sauti yake inafika kabla yake. "Muzungu yangu eko wapi?" alikuwa anapiga kelele tangu ufukweni, hata watu wakageuka wakidhani kuna padri wa kizungu. "Muzungu yangu, kuya uone bwana yako vile amekauka sawa samaki!" Na Brigitte alitoka chini ya mwavuli akiwa amepakwa, amepodolewa, midomo inang'aa ruji, na Dominique alisimama akamtazama kwanza, mabegi bado mabegani, kama mtu anayehakikisha kwamba mali yake haijaguswa.

Mama yake Ennie, Olipa, alikuwa mwanika samaki na jirani ya Brigitte ukuta kwa ukuta. Jioni moja alikuwa anamsuka Brigitte uani, Ennie akiwa pembeni na madaftari yake ya shule, akijifanya anasoma.

"Bana Ennie," yaani Mama Ennie, Brigitte alisema polepole, "nikuambie kitu. Dominique hajaonaka ile ingine."

"Ile ingine nini?"

"Sura. Nilianza kupaka Lubumbashi, kwa shangazi yangu, mbele ya kumujua. Alinikuta mweupe. Alinioa mweupe. Ndugu zake walimuambia, umepata."

Vidole vya Olipa vilisimama. "Iye! Na asubuhi je?"

"Naamuka mbele yake."

"Akiamka kabla yako?"

"Najifunika shuka. Nasema kichwa inauma."

Olipa alicheka mpaka akaacha nywele. "Mayo! Miaka yote ya ndoa kichwa kinauma! Huyo mwanamume anadhani ameoa malaria." Brigitte naye alicheka, lakini Ennie, aliyekuwa anatazama kwa chini, aliona kwamba alikuwa anafuta macho yote mawili, na kicheko kimoja hakihitaji macho yote mawili yafutwe.

Vita vilipoanza upya ng'ambo, Agosti 1998, boti ziliacha kuleta maboksi, zikaleta watu. Akina mama na magodoro, watoto na kuku, wazee waliobebwa mgongoni. Kapembwa, mwendesha boti aliyekuwa akimvusha Dominique siku zote, alikuja na salamu tu. Dominique amebaki. Mama yake mzazi ni mgonjwa, hawezi kubebwa. Akipata nafuu watavuka wote. Muzungu yake amungoje palepale Kashikishi, asisogee.

"Amesema nisisogee," Brigitte alirudia kila aliyemuuliza, kana kwamba ni barua ya mahakama.

Hakusogea. Ila krimu zilisogea. Alikwangua makopo kwa kijiko, kisha kwa kidole, kisha akayapasua kwa kisu apanguse kuta zake. Meza ikabaki na wembe, kandili na chumvi, na wateja wakapungua. Mwishowe Olipa alimwambia, "Njoo tuanike chisense. Njaa haijui poda." Chisense ni visamaki vidogo kama msumari, wanaume wanavivua kwa taa usiku usio na mwezi, na asubuhi wanawake wanavitandaza mchangani, wanavigeuza, wanavigeuza tena, mpaka vikauke na kuingia kwenye magunia ya wenye baiskeli. Kazi hiyo haina kivuli. Penye kivuli samaki anaoza.

Siku ya kwanza Brigitte alikuja na mwavuli wake. Wanawake waliangua kicheko. "Tazameni, samaki wa Kongo wana mwavuli!" Mkono mmoja hauwezi kugeuza mtandazo mzima. Kabla jua halijafika utosini aliuweka chini, na upepo ukauchukua ukauviringisha hadi majini, Ennie akaukimbilia akiwa na sare ya shule.

Lililofuata Ennie aliliona siku kwa siku, naye hakuwa na neno la kuliita. Brigitte alikuwa bado na kopo moja la krimu ya usiku alilolificha, na alilipaka kila usiku, akiogopa weusi usirudi. Usiku krimu, mchana jua. Mashavu yakawa mekundu kama yaliyopigwa makofi. Kisha yakabambuka. Kisha yakaota madoa ya bluu-nyeusi, kama wino uliomwagika chini ya ngozi.

"Maman, iliandikwa haipendi jua," Ennie alisema. "Wewe mwenyewe ulinionyesha."

"Nilikuonyesha, ndiyo. Na Dominique akifika kesho? Utamuonyesha wewe?"

Kopo lilipoisha alitengeneza melanji ya mwisho: sabuni ya kufulia, ndimu, na dawa ya kunyoosha nywele. Alipaka asubuhi. Mchana Olipa na Ennie walimpeleka zahanati wakimshika mikono, kitenge kimefunika uso, maji yanamtoka machoni bila kulia.

Nesi aliyewapokea aliitwa Chalwe, mama mnene mwenye sauti ya upole. Alimwosha uso kwa muda mrefu, akauliza amepaka nini na nini, tangu lini. Brigitte akataja, na Ennie akatafsiri kwa Kibemba pale Kiswahili kilipokwama. Chalwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndivyo nilivyofundishwa," alisema. "Zile za kung'arisha, nyingi zina hidrokinoni. Hiyo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Sasa rangi ni mwavuli wa ngozi, mama. Umeuvunja, halafu umekwenda juani. Nyingine zina kotizoni, hiyo ni dawa, si mafuta; ukiipaka miaka, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Acha zote. Sabuni ya kawaida, vaselini, kofia. Basi."

"Nikiacha, itakuwa ginsi gani?"

"Itarudi nyeusi. Kwanza kwa madoa, itakuwa mbaya kuliko sasa, usiogope. Miezi mingi. Huenda madoa mengine yasiondoke."

Brigitte akasema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa kituo cha polisi, "Sista, bwana yangu hajue ile sura."

Chalwe alikuwa anafunga chupa ya dawa. "Ataizoea," alisema.

Brigitte aliziacha krimu, kweli. Hata Olipa alishangaa. Alinunua kofia ya majani, akanawa kwa sabuni ya kawaida, na miezi ikapita, na rangi ikaanza kurudi kama wageni wanaofika mmoja mmoja: paji la uso kwanza, kisha pua, mikono ikafuata, mashavu yakabaki na ramani yake ya madoa. Alikonda pia. Wateja wa zamani walimpita wakimsalimu Olipa peke yake.

Pale kanisani Jumapili, watu wa Kongo walikuwa wanaombea waliobaki ng'ambo, kila mmoja akitaja jina na kuomba afike upesi. Ennie aliketi karibu na Brigitte na hakumsikia akitaja jina lolote. Njiani kurudi alimuuliza kama alisahau kumwombea Dominique.

"Sikusahau," Brigitte alisema. "Niliomba akawie kidogo. Nipone kwanza."

Dominique alifika mwaka uliofuata, Juni, wakati upepo wa baridi unapiga toka ziwani. Ilikuwa siku ya boti tatu, ufuko umejaa vilio na vicheko na watu wanaohesabu watoto. Ennie alikuwa anatoka majini na ndoo kichwani. Kwa mbali alimwona mwanamume mfupi, amebeba begi moja, hana kofia, amesimama mbele ya mtandazo wa Brigitte na kuinama kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyoinama akizungumza na mama wa watu. Alimwona Brigitte akiinua mkono na kuonyesha barabara ya kaskazini. Yule mtu akagusa kifua chake kushukuru, akapanda kuelekea barabarani, palipokuwa na lori linalonguruma.

Ennie alipofika, Brigitte alikuwa amechutama, anageuza chisense.

"Ni nani yule, Maman?"

"Mutu anauliza njia."

"Njia ya wapi?"

"Chienge."

Aliwageuza samaki wale, kisha akawageuza tena upande uleule waliotoka, kisha tena. Ennie alitua ndoo.

"Maman?"

"Ni Dominique."

Ndoo ilipinduka kwa mguu wa Ennie, maji yote yakanywewa na mchanga. "Mwite! Maman, mwite!" Ennie akaanza kukimbia, lakini lori lilikwisha kuondoka, vumbi lake limesimama juu ya nyumba.

"Acha aende," Brigitte alikuwa anasema nyuma yake, harakaharaka, kama mtu mwenye homa. "Acha, Ennie. Chienge haiko mbali. Atauliza kule, batamuambia Brigitte eko Kashikishi, atarudia kesho ao kesho-kutwa. Mi nipate siku mbili. Siku mbili tu. Aliniuliza, 'Samahani, mama, natafuta bibi yangu, Brigitte, mweupe, anauzishaka mafuta. Nyumba imefungwa, na ku soko meza yake haiko.' Aliniangalia hapa," akagusa katikati ya macho yake, "hapa, Ennie. Sauti ikakatala kutoka. Mukono ikaenda yenyewe."

Olipa aliposikia alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alimwita Brigitte kichaa, alimwita mtoto, kisha akalia. Lakini alikuwa mwanamke wa vitendo. Jioni ileile alimtuma kijana wa baiskeli za samaki aende Chienge, amtafute mwanamume mfupi asiye na kofia, amwambie mke wake yupo Kashikishi, hai, mzima, arudi hata kwa miguu.

Siku ya pili yake Brigitte alijipamba. Alikuwa ameuza gunia lake zima la chisense, akapata kwa Mkongo mwingine fondi de ten, poda na ruji. Ennie alisimama mlangoni akitazama. Fondi de ten ilikuwa ya rangi ile ya zamani, rangi ya ndizi, na juu ya mashavu yenye ramani ilikaa kama chokaa juu ya ukuta wenye nyufa. Ilikomea chini ya kidevu. Shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Ennie aliona, naye Brigitte aliona katika kioo kwamba ameona. Brigitte akatandika mkeka kizingitini, akaketi, mikono mapajani, akielekeza uso barabarani.

Aliketi hadi jua likazama. Kesho yake akajipaka tena, akaketi tena.

Kijana wa baiskeli ndiye aliyekuja. Alishuka taratibu, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Olipa, na alivyokuwa anaiegemeza kwa uangalifu vile, kila mtu alijua. Yule mwanamume alifika Chienge, alisema. Aliuliza huko sokoni kwa Wakongo. Wakamwambia hawana Brigitte, ila wanawake wengi wauza mafuta wamevuka kurudi ng'ambo kuangalia nyumba zao, labda ni mmoja wao. Naye Dominique akasema mke wake ni mtu wa kwenda kumtafuta kweli, hawezi kukaa. Akapanda boti jioni ileile.

"Kurudi kule?" Olipa aliuliza. "Kule kwenye bunduki?"

"Ndivyo walivyosema, mayo."

Brigitte aliinuka akaingia ndani. Ennie alimfuata na maji katika beseni. Hapakuwa na demakiyan, hapakuwa na pamba. Alinawa kwa sabuni ya kufulia, akisugua, na maji yakawa ya njano, kisha ya kijivu. Kapembwa aliulizwa habari za Dominique, na wenzake waliovuka waliulizwa, miezi yote iliyofuata. Mmoja alisema alimwona mtu kama yeye njia ya Pweto, ng'ambo. Mwingine alisema mama mzazi alikufa tangu Mei, ndiyo maana alivuka peke yake. Baada ya hapo hakuna aliyesema lolote.

Brigitte bado anaanika chisense na Olipa. Hakusogea Kashikishi. Wasichana wakimfuata kumuuliza melanji, anawauzia sabuni na vaselini, anawaambia kwa ukali warudi kwao. Zile boti zikifika, huvua kofia na kusimama ukingoni, uso wazi kabisa, jua likimpiga, mpaka mtu wa mwisho ashuke.

Desemba, shule zilipofungwa, Ennie alikuwa naye mchangani. Alikwisha kuwa msichana mrefu, wa darasa la mitihani, na hakufikiria tena kreti ya soda wala majina aliyofundishwa siku ile. Walikuwa wanageuza samaki, kila mmoja upande wake, bila mazungumzo. Boti moja ilikuwa imefika na imekwisha kushusha watu wake.

"Uliniulizaka kitu, ulikuwa mutoto," Brigitte alisema, bila kuinua kichwa. "Sura yangu mwenyewe ni gani. Sikukujibu."

Ennie aliacha kugeuza.

"Ni hii," Brigitte alisema. "Ile bwana yangu aliuliza njia, akaiita mama, akaiambia aksanti."